Kamba Fupi, Kamba Ndefu

Mama,

Shikamoo. Najua si kawaida kumwamkia mtu aliyekwisha kuzikwa, lakini wewe ungeniuliza kama huko Morogoro nimefundishwa kuingia majumbani kimyakimya kama paka. Kwa hiyo nimekuamkia. Mdogo wangu Yusta naye anakusalimu, ingawa yeye huongea na wewe kila siku akifagia uwanja, tena kwa sauti, mpaka majirani wameshazoea.

Nimekaa jikoni kwako, kwenye kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika, na maji bado yanachuruzika kutoka kwenye bati kwenda kwenye pipa la bluu. Kuku wako wapo, isipokuwa yule jogoo mgomvi. Yule tulimla siku ya arobaini. Alimdonoa katekista mguuni katikati ya sala, na hapakuwa na mtu wa kumtetea kwa vile wakili wake ulikuwa wewe.

Nimekuja kukujibu swali lako.

Sijui kama unalikumbuka. Kilikuwa kiangazi, ulikuwa unachambua mchele kwenye ungo, na mimi nimekaa hapo mlangoni na kompyuta mapajani, nanung'unika kwamba haimalizi kupiga hesabu. Ukanyoosha shingo, ukaona ile picha yenye rangi, nyekundu katikati, halafu njano, halafu kijani, bluu pembeni. Ukaniuliza, "Hiki unachoshinda nacho ni kanga au ni kazi?"

Nikakuambia ni udongo wa Ifakara ukitazamwa kwa chini. Ukanitazama vile ulivyokuwa unamtazama muuza dagaa anayeapa kwamba ni wa leo. Nikaona nikueleze kwa shamba letu la mpunga la Lupiro. Nikasema, chukua udongo wote ulio chini ya mji, uukate majaruba madogomadogo, mengine juu ya mengine kama ghorofa. Kila jaruba lina maji yake, na kila jaruba lina mlango wa kupitishia maji kwa jirani yake. Kwenye mchanga mlango ni mpana, kwenye udongo wa mfinyanzi ni ufa mdogo tu. Kompyuta kazi yake ni kupita kwa kila jaruba, siku baada ya siku, na kuuliza: umeingiziwa kiasi gani, umetoa kiasi gani, umebaki na nini? Na kama ndani ya maji hayo kuna kitu kimeyeyuka, mbolea, dawa ya magugu, uchafu wa chooni, inakifuata toka jaruba hadi jaruba, inaangalia wapi kinakimbia na mkondo, wapi kinatawanyika, wapi kinanata kwenye udongo. Pekundu ni pale kilipo kwa wingi.

"Kwa hiyo unalima bila jembe," ukasema.

Ukaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilidhani yameishia hapo. Kisha, bila kuinua macho, ukauliza, "Na kisima changu kimo kwenye hayo majaruba yako?"

Nikasema kimo.

"Kinasemaje?"

"Bado, Mama. Nikimaliza nitakujibu."

Hukuuliza tena. Wewe hukuwa mtu wa kuuliza kitu mara mbili. Na kabla sijamaliza, presha ikakuchukua, asubuhi ya Jumapili, umeshavaa kitenge chako cha kanisani na kiatu kimoja. Cha pili Yusta alikikuta chini ya kitanda. Nimeandika sentensi hiyo na imebidi nisimame kidogo, nitoke nje, nirudi.

Haya. Nikueleze yaliyobadilika.

Mjukuu wako uliyemshika akiwa hajatimiza hata mwezi, sasa anakaa bila kuegemezwa. Tulimbatiza kwa jina lako. Gaudensia mzima mzima, hatukukata hata herufi. Na kwa kuwa ana jina lako, mimi simwiti Gaude kama wengine, namwita Mama. "Mama, acha kula kandambili." "Mama, njoo nikufute makamasi." Ananitazama kwa jicho lako lile la muuza dagaa. Kuna siku nikimwita nageuka kukutafuta wewe, kuna siku nacheka peke yangu.

Yusta alikuwa amekuja kwako kujifungulia na sasa amebaki. Mumewe anakuja mwisho wa mwezi, kazi yake bado iko Mikumi. Jambo moja hukuliona: ule msiba ulimkausha maziwa. Wiki ya matanga yalianza kupungua, na tulipoanua matanga yakawa yamekata kabisa. Tulimpa uji wa karanga, tulimpa supu, Bi Zuhura wa dukani alimletea uji wa pilipili manga aliosema kwao pwani hata kabati likiunywa lingenyonyesha. Hayakurudi. Mtoto akaingia kwenye maziwa ya kopo, na maziwa ya kopo yanakorogwa kwa maji, na maji ya nyumba hii ni ya kisima chako.

Sasa unaanza kuona ninakokwenda.

Tulipokuwa tunapanga vitu vyako, Yusta alishika kabati la nguo, mimi nikashika stoo. Nyuma ya mlango wa stoo nikakuta kamba zako mbili za kisima zimening'inia kwenye msumari mmoja. Ile ndefu ya kiangazi na ile fupi ya masika. Nilizijua tangu utotoni, hazikuwa jambo la ajabu. Kila mwaka mvua zikikolea unaitundika ndefu na kufunga fupi kwenye ndoo, kwa sababu maji yamepanda na kamba ndefu inakutatiza miguuni. Lakini siku ile nilisimama pale stooni na kamba moja kila mkono, nikabaki nimeduwaa.

Unajua kwa nini? Ule mji wangu wa kwenye kompyuta nilikuwa nimeujenga kwa wastani. Ndivyo tunavyoanza wote, unachukua maji ya mwaka mzima, unayagawa sawa, unapata kina kimoja kisichopanda wala kushuka. Na kwa wastani kila kitu kilikuwa kizuri. Maji ya chini ya mtaa wetu wa Mlabani yalitoka upande wa barabara, yakapita kisimani kwako, yakaenda zake bondeni. Choo chetu kiko upande wa bondeni, kwa hiyo chochote kinachotoka chooni kinakwenda bondeni, hakirudi nyuma. Safi kabisa. Lakini wewe hukuwahi kuteka maji hata siku moja kwa kamba ya wastani. Ulikuwa na ndefu na ulikuwa na fupi.

Nikarudi kazini nikabomoa hesabu yote na kuijenga upya, masika mbali, kiangazi mbali. Nikaliacha bonde lijae kama linavyojaa kweli, maji yasimame wiki kwa wiki kule kwenye matete, yawe juu kuliko maji yaliyo chini ya nyumba zetu. Maji hayajui bondeni wala mlimani, Mama, yanajua kusukumwa tu. Bonde likijaa linasukuma kurudi huku. Nikaitazama ile mishale midogo kwenye picha inayoonyesha maji yanakokwenda. Ikapoa, ikasimama, halafu ikageuka. Ikawa inatoka chooni inakuja kisimani.

Nilikaa ofisini nimeishika kalamu tu. Wenzangu wakadhani kompyuta imeharibika.

Kitu chenyewe kinaitwa nitrati. Uchafu wa chooni ukioza ardhini, moja ya vitu unavyozaa ni hiyo. Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Haileti ile homa ya matumbo tunayoijua. Mtu mzima kwa kiasi kile anakunywa na kuishi bila kujua, nasi tumekunywa. Nilimuuliza daktari moja kwa moja kama yale maji yalikuwa na mkono kwenye presha yako, kwa sababu nisingelala bila kuuliza. Alisema hapana. Umesikia? Hapana. Maji yako hayakukudhuru. Na sisi tulipokuwa wachanga ulitunyonyesha, hayakutufikia. Hatari iko kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Kwake ile nitrati inaingia na kuizuia damu isibebe hewa, midomo inakuwa na rangi ya bluu, na mambo yanakwenda haraka.

Na hapa ndipo penye uchungu. Unakumbuka wimbo wako wa maji ya kunywa? "Yaache yacheke." Yakianza kutokota hukuridhika, lazima yacheke, yatikise kifuniko. Mtaa mzima ulijua kwamba kwa Mama Imelda hakunyweki maji yasiyocheka. Basi Yusta, kwa uchungu wa kukupoteza na kwa kumwogopea mtoto, akawa anayachekesha maji mpaka yanabaki nusu sufuria. Kipindupindu kingekufa, minyoo ingekufa. Lakini nitrati haifi. Kinachoondoka ni mvuke, nitrati inabaki sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyokolea. Mdogo wangu alikuwa anafanya kila ulichomfundisha, tena kwa kuzidisha, na kila alipozidisha alikuwa anazidisha sumu.

Nilikuja Ifakara kabla masika haijakolea. Nilimweleza Yusta hapahapa jikoni. Nadhani nilieleza vibaya, nilifungua kompyuta kabla sijamshika mtoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda chumbani akaleta ile karatasi ya kupimwa maji, ile uliyoifurahia kiangazi kile, ambayo inasema maji ni salama. Akaiweka mezani. Nikamwambia ni ya kiangazi. Akasema, "Karatasi imepima maji. Wewe umepima picha."

Nikamwambia atoe kisima kwenye matumizi ya mtoto, basi, hata kwa miezi michache. Mama, unamjua Yusta, mpole mpaka pale anapoacha kuwa mpole. Aliniambia, "Da Imelda, wewe ulikuja tumeshamfunga sanda. Mimi ndiye niliyemwosha. Nguo zake tumegawa, kitanda tumegawa, jogoo tumemla. Kimebaki kisima. Sasa na hicho unataka tukizike?"

Kisima hicho ulichimbisha mwaka uliofuata baada ya Baba kufa, watu wakikuambia mjane ajenge kwanza ukuta. Ukasema ukuta hauna kiu. Ukafunga kile kikombe cha bati kwenye mpera kwa kamba, ili apitaye asihangaike kubisha hodi. Nusu ya watu waliokuja kukuzika walikujua kwa kikombe kile, wengine jina lako hawakulijua kabisa. Kumwambia Yusta kwamba maji yale yana kasoro kulikuwa sawa na kukusema vibaya mbele ya kaburi.

Nikafunga kompyuta, nikamchukua mtoto. Kisha nikamwambia, tufanye hivi. Tumwage chumvi ardhini karibu na choo, chumvi hii ya kupikia. Chumvi na nitrati zinasafiri mwendo mmoja, hazinati kwenye mchanga, zinaandamana na maji. Kama hesabu yangu ni ya uongo, chumvi itakwenda bondeni na hatutaiona tena. Kama ni kweli, itakuja kisimani.

"Ikija nitakubali," akasema. "Isipokuja, usiguse kisima cha Mama. Wala usinionyeshe tena hiyo kanga yako."

Kwa hiyo neno lako la kanga alilisikia.

Nilikwenda kununua chumvi kwa Bi Zuhura. Alipoona nataka mifuko akauliza kwa upole, "Mwanangu, mnakausha samaki au mnamkausha mtu?" Nikacheka, nikasema ni kazi ya ofisi. Tukazamisha bomba la plastiki hatua chache kutoka chooni, tukakoroga chumvi kwenye madumu, tukamimina. Mchana kweupe, Mama, mbele ya watu wote, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Ningejua ningemwalika mwenyekiti wa mtaa anywe soda na kutazama.

Jioni yake tu maneno yakaanza. Binti mkubwa wa marehemu amerudi na dawa, anaizika uwanjani kwa mama yake. Wengine wakaunganisha: ndiyo maana mama mwenyewe alikwenda ghafla. Wengine wakasema nataka nyumba. Mimi hayo sikuyasikia kwa mtu yeyote, maana anayesemwa husikia mwisho. Bi Zuhura ndiye aliyekuja kesho yake, akaketi hapo mlangoni, akakataa chai. Akasema, "Watu wanaongea. Na mimi chumvi nimeuza mwenyewe. Nimeona nikuulize kuliko nikusikie."

Nikamweleza yote, choo, bonde, mtoto. Alisikiliza akizungusha tasbihi vidoleni. Alipoinuka alisema tu kwamba pampu yake ya kisima kirefu iko uwani, geti halifungwi mchana, na aliyeishi jirani na Gaudensia miaka yote ile hawezi kumnyima mjukuu wake maji. Wallahi, akaongeza, nikajua yale maneno ya mtaani yamekwisha kufa, kwa sababu dukani kwake ndiko yanakozaliwa.

Nikamwachia Yusta kipimo, kijiti kidogo unachokitumbukiza kwenye ndoo kikakupa namba. Chumvi ikiongezeka, namba inapanda. Kila asubuhi apime na kunitumia. Nikarudi Morogoro na wasiwasi wangu.

Hapo ndipo nilipojifunza kungoja, Mama. Mvua zikaja. Kila asubuhi simu inalia, natazama, namba ileile. Hesabu yangu ilisema chumvi ingefika kabla ya Pasaka. Pasaka ikaja ikapita, namba ileile. Yusta akaanza kunitania, na kwa Yusta kutania ni dalili ya kusamehe. "Chumvi yako imepanda bodaboda gani?" Siku nyingine, "Mashine imelala, iamshe." Nilikuwa namjibu kwa kicheko na kila siku namuuliza, mtoto anakunywa maji ya wapi? Hakunijibu hata mara moja. Anaruka swali, ananitumia picha ya mtoto amevaa sufuria kichwani.

Nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilitaka kushindwa. Ni kazi niliyoisomea, imenilia ujana wangu, na kila asubuhi niliomba hesabu yangu iwe ya uongo. Niliona nikishindwa Yusta atanicheka mpaka uzeeni, kikombe kitabaki kwenye mpera, na mimi nitaandika kwenye ripoti yangu kwamba mishale ilikosea. Ningeifurahia sana aibu hiyo.

Siku ilipofika hakutuma ujumbe. Alipiga. Nilisikia kuku, nikasikia mtoto, halafu nikamsikia anapumua.

"Da Imelda. Imepanda."

Nikamwambia apime tena, asuuze kijiti kwanza. Akasema amepima, amesuuza, amepima, amekwenda kupima maji ya mvua pipani kuona kama kipimo kimeharibika, amerudi kupima kisima. Imepanda. Nikasema, "Yusta, mtoto..."

"Mtoto hajayanywa," akasema. "Tangu siku ile ya chumvi namtekea kwa Bi Zuhura. Sikutaka tu ujue."

Nililia kwenye korido ya ofisi, Mama, nimesimama, bila kujificha. Wiki zote zile ananikejeli, na kila asubuhi kabla ya kunitumia namba alikuwa amekwisha kuvuka na dumu lake. Kumbe hakubishana nami kwa ajili ya mtoto. Kwa mtoto hakubahatisha hata siku moja. Alikuwa anabishana kwa ajili yako.

Chumvi ilichelewa kwa sababu chini ya uwanja wetu kuna ulimi wa udongo wa mfinyanzi ambao sikuujua. Nimeuingiza kwenye hesabu, sasa picha na kisima vinasema lugha moja. Maji ya masika yamepimwa maabara pia, na majibu ni yale niliyoyaogopa: kwa mtoto mchanga hayafai. Na si sisi peke yetu. Nyumba zote za upande huu zenye visima vifupi, zilizofuata ushauri uleule, choo kiwe chini na kisima kiwe juu, ziko hivyohivyo. Nimepeleka picha kwa mtu wa maji na kwa mtu wa afya, na safari hii mwenyekiti wa mtaa amekunywa soda na ametazama. Wale wenye watoto wachanga wanateka kwa Bi Zuhura wakati tunahangaikia bomba.

Nataka unielewe hapa vizuri, maana najua unavyoweza kukaa na jambo moyoni. Hukukosea. Ulikiweka choo mahali ambapo kila mtu mwenye akili angekiweka, na miezi mingi ya mwaka ulikuwa sahihi. Bonde ndilo linalogeuka. Mimi mwenyewe ilinibidi nishike kamba zako mbili ndipo nikalijua hilo.

Choo cha zamani tumekinyonya kwa gari na kukifukia. Kipya kiko ubavuni, si upande wa bonde wala wa barabara, na shimo lake limejengewa chini na pembeni, likijaa linanyonywa. Yusta amekipaka rangi ya waridi. Sikuulizwa.

Kisima hatukukiziba. Tunafulia, tunaogea, tunamwagilia mchicha, na maua ya kaburini kwako ni maji hayohayo. Lakini kikombe nilikitoa. Nilikifungua mwenyewe kwenye mpera asubuhi moja, Yusta akiwa ameshika ngazi bila sababu, maana hata mtoto angekifikia. Ile kamba ilikuwa imeacha alama kwenye gome la mti.

Wiki hiyohiyo akapita Mzee Masanja, yule Msukuma wa ng'ombe ambaye alikuwa akisimama kunywa kila akienda mnadani. Alisimama chini ya mpera, akaupapasa kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kwa neno la kwao la mama, "Kikombe cha Mayu kiko wapi?" Nilimletea maji ya Bi Zuhura kwenye glasi, nikamweleza. Alikunywa yote taratibu. Akaniuliza kama kisima kitapona.

Ndilo swali nililokuwa nalipigia hesabu. Kitapona. Chanzo kimeondoka, kilichobaki ardhini kinasukumwa mbele na nyuma, kiangazi kinakipeleka, masika inakirudisha, lakini kila mzunguko kinakwenda kimepungua. Kompyuta inasema masika kadhaa. Mwanao wa zamani angekutajia namba. Huyu wa sasa, aliyengojea chumvi mpaka Pasaka ikapita, anasema tu kwamba mjukuu wako atakuwa ameshaanza shule.

Mzee Masanja akasema, "Mkikirudisha, mniite. Nitakuja hata kama mnada hakuna."

Basi ndilo jibu lako, Mama. Uliuliza kama kisima chako kimo kwenye majaruba yangu na kinasemaje. Kimo. Kinasema kiliumwa, kinasema kitapona, kinasema tusikinywe kwa sasa. Limechelewa, na wewe uliyeuliza hupo hapa kuligunia. Nimekutafuta hapa jikoni uligunie. Nimesikia bati tu.

Kesho narudi Morogoro. Kila masika nitakuja kupima mwenyewe, na kila kiangazi, kwa kamba fupi na kwa kamba ndefu, sitakubali karatasi ya msimu mmoja. Siku namba zikikubali misimu yote miwili nitamwinua huyu mdogo mwenye jina lako, na yeye ndiye atakayekifunga kikombe kwenye mpera, palepale penye alama. Nitampa ayanywe kwanza yeye. Kisha Mzee Masanja. Kisha tutakuletea wewe.

Ameamka, namsikia. Anaita kwa sauti ile yake isiyo na neno bado. Lala salama. Kikombe ninacho mimi, kiko kwenye begi langu, nimekifunga kwenye kitenge chako cha Jumapili.

Acha nikamchukue Mama.

Mwanao,
Imelda